Walimu wapo mtaani, darasani hakuna mtu: upungufu wa walimu Tanzania unavyotokea

Januari 2025, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilianza kuwasaili walimu walioomba kazi serikalini. Nafasi hazikufika 15,000. Waombaji walipita 200,000, na wengine walikuwa na vyeti vya miaka kumi nyuma. Mwezi huohuo shule zilifunguliwa, na katika shule nyingi za msingi za vijijini mwalimu mkuu alikaa na kalamu na rula kupanga ratiba ya walimu wanane au tisa kwa madarasa kumi na nne. Mgeni akisikia taarifa hizi mbili atauliza ipi ni ya uongo. Hakuna ya uongo. Foleni ya nje na pengo la ndani vinatoka mahali pamoja.

Majibu ya mtaani yako tayari siku zote: serikali haina hela, walimu hawataki vijijini, vijana wamesoma masomo ya sanaa kupita kiasi. Kila jibu lina ukweli wake. Ukilishika moja peke yake, hata hivyo, halifiki mbali. Kama tatizo ni hela tu, kwa nini zipo shule za mjini zenye walimu wa ziada? Kama vijijini hakupendwi, mbona watu laki mbili wanaomba kazi wakijua fika kwamba watapangiwa huko? Inabidi kufuatilia jinsi kiti kimoja cha mwalimu kinavyopatikana, kinavyokaliwa na kinavyobaki wazi.

Mzazi wa kawaida anaamini kwamba shule ikikosa mwalimu, mwalimu mkuu anaandika barua na mwalimu analetwa. Barua kweli inaandikwa. Inapita kwa Afisa Elimu Kata, inafika halmashauri, na huko inageuka tarakimu. Kila mwaka halmashauri inaandaa ikama na bajeti ya mishahara: ina watumishi wangapi wa kila kada, inahitaji wangapi, wangapi wanastaafu. Ikama hiyo inakwenda Ofisi ya Rais, Utumishi, ambako inakutana na za halmashauri nyingine zaidi ya 180 za Tanzania Bara, na ndani yake hawamo walimu peke yao. Wamo wauguzi, maafisa kilimo na watendaji wa vijiji. Hazina nayo ina ukomo wake wa fungu la mishahara. Kinachotoka mwishoni ni kibali cha ajira, na kibali hicho ndicho mwalimu. Bila kibali, hata awe na shahada mbili na anaishi jirani na shule, kwa serikali hayupo.

Mamlaka yenyewe yamegawanyika kiasi kwamba lawama haijui iende wapi. Wizara ya Elimu inashika sera, mitaala na vyuo vya ualimu. Shule zenyewe ziko chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI. Mwajiri wa mwalimu kwa maana ya kila siku ni mkurugenzi wa halmashauri. Kupanda daraja na nidhamu ni kazi ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Usaili uko Sekretarieti ya Ajira; kabla ya hapo TAMISEMI walikuwa wakipokea maombi kwenye mfumo wao na kutoa majina moja kwa moja, na vijana walikuwa wakikesha kwenye simu kusubiri “mkeka”, yaani orodha ya majina. Mshahara unatoka Hazina. Katika mlolongo wote huu, asiye na uwezo wa kuongeza hata mwalimu mmoja ni mwalimu mkuu, na ndiye anayesimamishwa kwenye mkutano wa wazazi aeleze kwa nini watoto hawafundishwi.

Kuna jambo jingine kuhusu kibali ambalo halisemwi sana. Mwalimu akistaafu Septemba, au akifariki, kiti chake hakijazwi Oktoba. Kinaombewa kibali cha ajira mbadala, kinaingia kwenye foleni ya vibali vingine, na darasa linasubiri. Kwa hiyo serikali inapotangaza ajira mpya, sehemu ya ajira hizo inarudisha tu kilichokwishapotea. Anayesikia tangazo redioni anadhani idadi yote ni nyongeza.

Linganisha sasa na darasa, maana yake lile jengo. Oktoba 2021 serikali ilizindua matumizi ya fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa za kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya madarasa 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani matawi ya shule mama. Vilijengwa kwa muda mfupi, na nasema bila kejeli kwamba ilikuwa kazi kubwa. Darasa moja la sekondari lilitengewa shilingi milioni 20. Linalipwa mara moja, linapakwa rangi, linazinduliwa. Mwalimu akiajiriwa ana miaka 25, kwa sheria ya kustaafu akiwa na 60, ni mishahara 420 kabla hujagusa mafao. Mkopo au msaada wa miaka mitano unaweza kujenga darasa. Haufai kuajiri mtu kwa miaka 35. Tena mbunge hakati utepe mbele ya mshahara. Ndiyo maana nchi imeweza kuongeza vyumba kwa kasi ambayo watu wa kusimama ndani yake hawakuifikia.

Hadithi ya maabara ni hiyohiyo. Serikali ya awamu ya nne ilielekeza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, fizikia, kemia na biolojia, na mwaka 2014 wananchi walichangishwa vilivyo. Majengo mengi yalisimama. Fizikia ikaendelea kukosa mwalimu.

Hesabu ya darasani

Kiwango kilichowekwa na serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Elimu ya awali ni mmoja kwa 25. Wanafunzi wa shule za msingi za serikali wamevuka milioni 10. Gawa milioni 10 kwa 45 utapata walimu 222,000, bila kuhesabu awali. Idadi ya walimu waliokuwamo kwa miaka mingi haikufika hata 200,000, na wastani wa kitaifa umekuwa juu ya wanafunzi 50 kwa mwalimu mmoja, wilaya nyingine zaidi ya 70.

Uwiano huo lakini unadanganya, na hapa naomba tuende polepole. Mtu akisoma “mwalimu mmoja kwa wanafunzi 100” anapata picha ya darasa lililofurika, mwalimu mbele, watoto mia wamebanana. Picha hiyo ni nusu ya ukweli. Chukua shule ya mfano yenye wanafunzi 900 na walimu tisa, hali ambayo haishangazi mtu Geita wala Simiyu. Kwa kiwango cha serikali ilipaswa kuwa na walimu 20. Ina darasa la kwanza mpaka la saba, kila moja mikondo miwili, kwa hiyo vyumba kumi na vinne vyenye watoto kama 64 kila kimoja. Walimu wote tisa wakiwa wazima, wamefika, na wamesimama ubaoni kwa wakati mmoja, vyumba vitano havina mtu. Mwalimu mkuu akiitwa halmashauri kupeleka takwimu, ni sita. Mmoja akiwa na mgonjwa hospitali, saba.

Katika vyumba hivyo saba kuna kiranja. Amesimama mbele na kipande cha chaki, ameandika kichwa cha habari “Wapiga kelele” na chini yake majina manne, moja likiwa na alama ya kuzidisha mara tatu kwa sababu mwenyewe amerudia. Ubaoni upande wa pili kuna zoezi lililoandikwa asubuhi na mwalimu aliyepita akielekea darasa jingine. Waliomaliza wanachora, ambao hawakuelewa wananakili kwa jirani. Kengele ikigonga, kipindi kinahesabika kuwa kimefanyika, kwa kuwa kipo kwenye ratiba na mada imeandikwa kwenye andalio la somo.

Njia nyingine ni kuunganisha mikondo. A na B wanakaa pamoja, watoto 128 kwenye chumba kilichojengwa kwa 45. Hapo mwalimu yupo, na ni afadhali. Ila akitoa zoezi moja la hesabu ana madaftari 128 ya kusahihisha. Kwa dakika moja kila daftari ni zaidi ya saa mbili, na ana vipindi vingine vinne siku hiyo. Matokeo yake mazoezi yanapungua. Mtoto anaandika kidogo, anasahihishwa kidogo zaidi, na mzazi akifungua daftari nyumbani anaona kurasa tatu tangu mhula uanze na kuhitimisha kwamba mwalimu ni mvivu. Wavivu wapo, sitawatetea. Utafiti wa Benki ya Dunia uliofanyika nchini mwaka 2014, kwa kufika shuleni bila kutoa taarifa, ulikuta walimu wengi wako ndani ya uzio wa shule lakini hawako darasani. Sehemu ya hilo ni uzembe. Sehemu nyingine ni mtu aliyepangiwa vipindi visivyofundishika na akakata tamaa kimyakimya.

Na vyumba visivyo na mwalimu havichaguliwi kwa bahati nasibu. La saba lina mtihani wa taifa, na la nne lina upimaji wake. Mwalimu mkuu anapimwa kwa matokeo hayo, shule zinapangwa kwa matokeo hayo, na akifanya vibaya ataulizwa na kila mtu kuanzia kata hadi mkoa. Kwa hiyo walimu wake wazuri anawaweka juu. La kwanza na la pili, ambako mtoto anatakiwa ajue kusoma, kuandika na kuhesabu kabla hajafundishwa kitu kingine chochote, ndiko madarasa yanakofurika na mwalimu akikosekana hakuna kelele. Mtoto asiyejua kusoma hagunduliki mpaka afike la nne. Kufikia hapo amekwishakaa miaka mitatu kwenye chumba chenye mtu nusu ya siku.

Mwaka ambao mambo yaligongana

Upungufu huu haukuanza jana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kila mtoto aende shule ya msingi, na lengo likawekwa litimie mwaka 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu kwa mwendo huo. Vijana waliomaliza la saba walichukuliwa, wakafundishwa ualimu kazini, kwa redio, kwa posta na kwa kusimamiwa vituoni, makumi ya maelfu yao. Wakaitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na jina hilo lilibaki kuwa la dharau hata kwa wale waliofundisha vizuri kuliko waliowadharau. Miaka thelathini baadaye mtindo ulirudi kwenye sekondari. Shule za sekondari zilipanda kutoka chini ya 1,300 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2009, nyingi zikiwa za kata, na vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha. Hao wakaitwa “Voda fasta”.

Sasa fanya hesabu ndogo. Kijana aliyeajiriwa mwaka 1976 akiwa na miaka 20 alitimiza 60 mwaka 2016. Kundi zima lililoingia kwa mkupuo wakati wa UPE lilikuwa linaelekea kutoka kwa mkupuo, na tarehe zao za kuzaliwa zilikuwa kwenye mafaili miaka yote arobaini.

Mwaka huohuo, Januari 2016, elimumsingi bila malipo ilianza kutekelezwa kwa Waraka Namba 5 wa 2015. Ada na michango ya lazima ikafutwa, na darasa la kwanza likafurika kote nchini. Kuna shule zilizosajili mikondo minne pale zilipozoea miwili. Juni 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya na kupandisha madaraja ili kuwasaka watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila mtu kuwepo kazini. Kusimamishwa kulitangazwa kuwa kwa muda mfupi, kukadumu kuliko ilivyotarajiwa. Kabla ya hapo kidogo, Mei 2016, wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA walirudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Mpango huo ulikuwa umeanzishwa ili kuziba pengo la walimu wa sayansi. Kisha 28 Aprili 2017 ikatoka taarifa ya uhakiki wa vyeti: watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Walimu walikuwa wengi miongoni mwao.

Sina ubishi na uhakiki. Mtu aliyeingia kwa cheti cha mwingine hakupaswa kuwa pale. Ila ukiyatazama matukio hayo pamoja, ndani ya miezi kumi na sita mlango wa wanafunzi ulifunguliwa wote, mlango wa walimu kuingia ukafungwa, wastaafu wakaendelea kutoka kwa wingi, na wenye vyeti feki wakaondolewa siku moja. Kila uamuzi ulikuwa na mwenyewe na sababu yake. Aliyepaswa kuyajumlisha hakuonekana. Ajira za maelfu kadhaa zilirudi kuwa za kila mwaka kuanzia 2021, lakini deni la miaka ile halilipwi kwa kasi hiyo, hasa kwa kuwa watoto walioingia 2016 walikuwa wanapanda darasa kila mwaka na nyuma yao wanakuja wengine wengi zaidi.

Kwa nini mwalimu anatiririka kuelekea mjini

Mgawanyo nao una kanuni zake. Kilimanjaro ina walimu wanaokaribia kutosha. Katavi, Tabora, Geita na Simiyu ziko mbali na kiwango. Tofauti hiyohiyo ipo ndani ya wilaya moja, kati ya shule ya kando ya lami na shule ya kilomita arobaini ndani. Maelezo ya kawaida ni kwamba walimu wanapenda starehe. Ingia kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook ya walimu wanaotafuta kubadilishana vituo usome matangazo: “Nipo Kaliua, natafuta wa kubadilishana naye, niende Moshi au Hai. Msingi, daraja D.” Chini yake watu ishirini wanatoa pole. Tangazo la kutoka Hai, Kilimanjaro, kwenda Kaliua, Tabora, utalitafuta sana, na ukilipata ujue mtu anamfuata mwenza au anarudi kwao.

Sababu anazotoa mwalimu ni za kawaida: nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja, hospitali iliyo mbali, mume au mke aliye mkoa mwingine, mtoto anayehitaji shule nzuri kuliko ile anayofundisha mama yake. Zamani kulikuwa na safari ya siku mbili kwenda benki kuchukua mshahara, na shule ilibaki na nusu ya walimu kila mwisho wa mwezi. Mawakala wa fedha kwa simu wameiondoa kero hiyo bila mtu wa elimu kupanga. Waajiriwa wapya huambiwa wakae kituoni miaka mitatu kwanza, na maombi ya uhamisho siku hizi yanapita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi. Hayo yanapunguza mwendo. Hayabadilishi mwelekeo.

Mwelekeo unaamuliwa na kifungu ambacho wengi nje ya kada hawakijui. Mwalimu akihama kwa maombi yake mwenyewe, halmashauri haimlipi kitu. Akihamishwa na mwajiri, anastahili nauli yake na ya familia, usafirishaji wa mizigo na posho ya usumbufu. Kwa hiyo kutoka kijijini kwenda mjini ni bure kwa serikali, kwa kuwa mwalimu ndiye anayeomba. Kutoka mjini kwenda kijijini kunagharimu, kwa kuwa hakuna anayeomba. Mkurugenzi anaweza kuona kwenye orodha yake shule ya mjini yenye walimu kumi na wawili wa ziada na shule ya pembezoni yenye wanne tu, akashindwa kuwasogeza kwa kukosa fedha za uhamisho. Wengine waliwasogeza bila fedha, na madai ya malimbikizo yakawa ajenda ya kudumu ya Chama cha Walimu. Mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo, uliofadhiliwa na washirika wa maendeleo, uliziwekea halmashauri motisha ya fedha kwa kusawazisha walimu ndani ya mipaka yao, na hapo angalau kuna mahali walimu walisogea. Nikiulizwa ni shilingi gani inayoweza kupunguza upungufu haraka bila kuajiri mtu mpya, ningejibu ni hiyo ya uhamisho.

Masomo ni habari nyingine. Mwaka 2017 serikali ilikuta sekondari zake zina walimu wa sanaa wa ziada, na maelfu wakahamishiwa shule za msingi kufundisha watoto ambao hawakuandaliwa kuwafundisha. Wakati huohuo shule za kata zilikuwa zinamaliza mwaka bila mwalimu wa fizikia. Historia, Kiswahili na jiografia havihitaji maabara; chuo kikuu kipya kilichofunguliwa miaka ya 2000 kilihitaji ukumbi na vipaza sauti kuanza kutoa shahada ya ualimu, na mikopo ya elimu ya juu iliupa ualimu kipaumbele. Upande wa fizikia mduara unajifunga: shule isiyo na mwalimu wa fizikia haitoi wanafunzi wa fizikia, na wachache wanaofaulu wanakwenda uhandisi na udaktari. Kati ya wale laki mbili wa usaili, mwenye fizikia na hesabu alikuwa na ushindani mwepesi. Mwenye historia na Kiswahili alikuwa anagombea nafasi na umati.

Wanaosubiri hawakai bure. Wengi wanafundisha kwa kujitolea katika shule zilezile zilizokosa walimu, wakilipwa na michango ya wazazi ambayo haitabiriki, elfu hamsini mwezi huu, mahindi mwezi ujao. Ana kipindi, ana zamu, anasahihisha mitihani, na kwenye ikama hayumo. Ukija usaili wa maandishi, miaka yake minne ubaoni haimsaidii kujibu swali alilosahau tangu chuo, na kijana aliyemaliza juzi anampita. Serikali ina hoja yake kwamba kujitolea kukiwa tiketi, wenye ndugu shuleni ndio watakaojitolea. Hoja ina uzito. Haimwondolei mtu uchungu.

Wapo wanaosema dawa ni kuwa na tume moja yenye mamlaka yote. Kenya wanayo tangu 1967: TSC inasajili, inaajiri, inahamisha, inalipa na kuadhibu. Urahisi wa kujua nani wa kumlaumu wanao. Upungufu wao hata hivyo unafanana na wetu. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 iliongeza wanafunzi kwa zaidi ya milioni moja kwa mkupuo, na sekondari msingi ilipoanza 2023 tume ilijaza madarasa kwa walimu wanagenzi waliolipwa shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato. Mahakama ya kazi ikasema Aprili 2024 kwamba utaratibu huo si halali, wakagoma mwezi uliofuata, na Januari 2025 zaidi ya 40,000 wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu. Kaskazini mashariki wana jambo ambalo sisi tumenusurika nalo. Baada ya shambulio la basi karibu na Mandera Novemba 2014, ambalo wengi wa waliouawa walikuwa walimu wakienda likizo, na mauaji ya walimu watatu Kamuthe, Garissa, Januari 2020, tume iliwaondoa walimu wasio wenyeji. Shule zikabaki na wenyeji wachache waliokuwepo. Tume moja yenye nguvu zote haikuwa na jibu kwa hofu.

Kwa Tanzania tarehe ya kuitazama ni Januari 2028. Kwa sera ya elimu toleo la 2023, elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita na elimu ya lazima inafika kidato cha nne. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kaka na dada zao waliowatangulia watamaliza la saba kwa utaratibu wa zamani. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na wote kwa lazima. Vyumba naamini vitapatikana. Tumekwishaonyesha kwamba tunajua kujenga. Mwalimu wa fizikia mwenye shahada anasoma miaka mitatu, kwa hiyo atakayesimama mbele ya watoto hao ilibidi awe chuoni mwaka 2024. Wa historia na Kiswahili hawahitaji kusomeshwa upya. Wanahitaji vibali, na ikama ya mwaka wa fedha 2027/28 ndiyo itakayoonyesha kama kuna aliyewahesabu.